Mitambo Inayoishi Kuliko Vipuri Vyake

Mwezi wa Mei mwaka 2002 gazeti la New York Times lilichapa habari ambayo mtu asiyejua mambo ya mitambo angeweza kuichukua kuwa ni kichekesho: kwamba wakala wa anga za juu wa Marekani, NASA, ambao miaka thelathini na zaidi kabla ya hapo ulikwisha kuwafikisha watu mwezini na kuwarejesha salama, ulikuwa ukipekua minada ya mtandaoni, katikati ya wauza stempu na samani kuukuu, ukitafuta vipuri vya kompyuta. Katika upekuzi huo ilinunuliwa shehena ya vyombo vya hospitali vilivyokwisha kuachwa, si kwa ajili ya mgonjwa yeyote, bali kwa kuwa ndani yake mlikuwa na chipu ya Intel 8086, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Na chipu hiyo ndiyo iliyoviendesha vyombo vya kukagulia zile roketi mbili nene za ubavuni zilizokuwa zikiisukuma Space Shuttle kupanda angani.

Si ufukara uliowafikisha hapo, wala si uzembe. Space Shuttle ilibuniwa katika miaka ya 1970, ikaruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981, ikaendelea kuruka hadi Julai 2011; na katika muda huo wote watengenezaji wa chipu walikuwa na wateja wengine wa kuwaridhisha, yaani wanunuzi wa kompyuta za mezani, ambao kila baada ya miaka michache walitaka kitu kipya chenye kasi zaidi, wala hawakuwa na haja hata chembe na kitu cha jana. Mteja ahitajiye chipu mia mbili za aina ya zamani kwa mwaka, hata akija na bendera ya dola kuu begani, hana nguvu ya kukizuia kiwanda kiuzacho mamilioni ya aina mpya kisiufunge mtambo wake wa kale na kuuza nafasi yake.

Hapo ndipo ilipo asili ya jambo lenyewe. Mitambo mikubwa, kama vile ndege, meli, garimoshi, au kituo cha kuzalisha umeme, hukusudiwa kukaa kazini miaka thelathini, arobaini, na pengine zaidi. Na kuibuni, kuijaribu na kuipatia ithibati ya usalama huweza kuchukua miaka kumi au kumi na mitano kabla haijaanza kazi. Lakini chipu zilizo ndani yake hukaa sokoni miaka michache tu, kisha mtengenezaji huzikomesha. Kwa hiyo huwezekana, na kwa hakika hutokea, kipuri kikawa kimekwisha koma kutengenezwa ilhali mtambo wenyewe haujatia mguu kazini. Peter Sandborn wa Chuo Kikuu cha Maryland, mmoja wa wanazuoni waliolichunguza jambo hili kwa kina, ametoa mfano wa mtambo wa sona wa meli za kivita za Marekani, chombo cha kusikilizia nyambizi zilizo chini ya maji, ambao zaidi ya asilimia 70 ya vipuri vyake vya kielektroniki vilikuwa vimekwisha kukomeshwa viwandani kabla ya mtambo wa kwanza kufungwa melini. Rangi haijakauka, na thuluthi mbili na ushei ya viungo vyake tayari ni yatima.

Watu wa pwani waliojenga nyumba za mawe huko Lamu na Unguja hawakupata kusumbuliwa na shida ya namna hii. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti ikioza baada ya miaka themanini, mjukuu wa mwenye nyumba aliagiza nyingine kutoka msituni, ikaja yenye urefu uleule na ugumu uleule, kwa maana mkoko haubadili umbo lake kwa kufuata matakwa ya soko. Chipu haina msitu wake wa kuurejea.

Zamani mambo hayakuwa hivi, na inafaa tukumbuke yalivyogeuka. Katika miaka ya 1960, saketi za silikoni zilipokuwa changa na ghali, wanunuzi wake wakuu walikuwa mradi wa Apollo na makombora ya Minuteman, na mnunuzi mkuu ndiye asemaye kiwanda kitengeneze nini na kwa muda gani. Baadaye ikaja kompyuta ya mezani, ikaja simu ya mkononi, ikaja michezo ya watoto ya kielektroniki, na jeshi lililokuwa bwana wa soko likawa mteja mdogo anayesubiri zamu yake. Juni mwaka 1994 William Perry, waziri wa ulinzi wa Marekani, alitoa waraka mashuhuri uliowaagiza watu wake waache kushikilia vipimo maalumu vya kijeshi na wanunue vitu vya soko la kawaida kila inapowezekana. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa vitu vya kijeshi vilikuwa na bei ya kutisha na vilikwisha achwa nyuma na vya kiraia. Lakini aliyenunua katika soko la kawaida alinunua pia haraka yake na usahaulifu wake.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mafundi wasijitengenezee tu kile wanachokikosa, kama walivyofanya tangu enzi. Jawabu laonekana vizuri zaidi katika meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai mwaka 1916 Wajerumani, walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza mafundi wakazipaka injini zake grisi nzito, kwa kutaraji kwamba siku moja zingehitajiwa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza tena safari zake kwa jina lake la sasa. Na zile injini za mvuke, zilizolala chini ya maji karibu miaka minane, zikaendelea kufanya kazi hadi miaka ya 1970, zilipopisha injini za dizeli. Pistoni ya injini kama hiyo ikichakaa, fundi mwenye mashine ya kukereza, pande la chuma la kufaa na jicho la kupimia aweza kuitwaa ya zamani, akaipima, akakereza ya badala yake, hata kama kiwanda cha asili kimekufa na mwenyewe amekwisha kuzikwa.

Ile 8086, ambayo siku hizi ni mtoto mbele ya chipu za simu zetu, ina transista zipatazo 29,000 juu ya kipande cha silikoni kisichofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hakuna karakana wala mashine ya kukereza iwezayo kuiiga. Kuitengeneza kwahitaji jengo lisilo na vumbi hata kidogo, mitambo ya kuchora kwa mwanga, kemikali safi kuliko dawa za sindano, na hati za siri za mwenye kiwanda. Na vyote hivyo vikisha vunjwa, havirudishwi kwa ajili ya mteja wa chipu mia mbili. Chuma hufa kwa kuchakaa, na kuchakaa huonekana kwa macho, huku chipu ikifa kwa uamuzi wa mkutano wa wafanyabiashara katika mji ambao mwenye mtambo hajapata kuufika, na siku ya kufa kwake ile iliyomo ndani ya mtambo huwa bado nzima.

Kiwanda chenye adabu hutoa taarifa. Barua huwafikia wateja ikisema kwamba mwisho wa kupokea oda ni tarehe fulani na mwisho wa kupeleka mzigo ni tarehe fulani, na aghalabu muda wa kufikiri ni nusu mwaka hivi. Wapo waliofanya uungwana zaidi: Intel ilitangaza Mei 2006 kwamba ingeacha kutengeneza chipu za jamii ya 386, zilizozaliwa mwaka 1985, ifikapo mwisho wa Septemba 2007. Barua ya namna hiyo ikifika, mwenye mtambo hutakiwa kufanya ununuzi wa mwisho, yaani kununua kwa mara moja akiba ya kumtosha hadi siku atakapoustaafisha mtambo wake, na katika hesabu hiyo watu wengi wenye akili wameaibika.

Tuseme shirika la reli lina vichwa 40 vya garimoshi, kila kichwa kina kadi tatu za kuongozea breki, na kila kadi ina chipu mbili za aina iliyokomeshwa. Chipu 240 ziko kazini, na katika miaka kumi iliyopita zimeharibika 30. Vichwa hivyo vinatarajiwa kufanya kazi miaka 25 mingine, na kwa hesabu za darasani zingetakiwa chipu 75, na akiba kidogo juu yake. Lakini chipu nazo huzeeka, na zilizoharibika tatu kwa mwaka zikiwa changa huenda zikaharibika nane kwa mwaka zikiwa nzee. Pengine serikali itaongeza vichwa ishirini vya aina ileile, ikavitaka vipuri visivyokuwapo katika hesabu. Au pengine, baada ya miaka minane, itaviuza vyote kama vyuma chakavu, na mhasibu atauliza ni nani aliyelaza fedha ya umma katika makopo ya chipu zisizo na kazi. Mkuu wa bohari akinunua kidogo atalaumiwa baada ya miaka ishirini, akiwa amekwisha staafu. Akinunua nyingi atalaumiwa mwaka huu. Mwanadamu akiwekwa mbele ya mizani ya namna hiyo, msomaji anajua atainamia upande gani.

Tena kuweka akiba nako kuna taabu zake. Pini za chipu huingiwa na kutu, na ganda lake la plastiki hunywa unyevu wa hewa. Na chipu iliyokunywa unyevu, ikitiwa katika joto la lehemu, maji hayo hugeuka mvuke ghafula na kulipasua ganda kwa ndani, ufa ambao huenda usionekane hadi mtambo uwe safarini. Kwa sababu hiyo akiba ya miaka mingi hutiwa katika mifuko ya kuzuia unyevu au katika makabati yenye hewa kavu ya naitrojeni. Mipira ya kuzibia mafuta hukakamaa hata kama haijaguswa, kapasita zenye majimaji hukauka, na betri hufa zikiwa katika vifungashio vyake. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, ambako chumvi ya hewa hula hata bawaba za madirisha, bohari lisilo na kiyoyozi ni kaburi la vipuri, hata kama daftari lake linasomeka vizuri.

Asiyepata barua, au aliyeipata akaikalia, huishia katika soko la walanguzi, na huko kuna hatari isiyokuwapo kwa aliyekosa kabisa. Mwezi wa Mei 2012 Kamati ya Huduma za Kijeshi ya Baraza la Seneti la Marekani ilitoa ripoti iliyotaja kesi zipatazo 1,800 za vipuri vya kielektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika ugavi wa kijeshi, jumla ya vipande zaidi ya milioni moja, na vingi vya vile vilivyofuatiliwa vilionekana kuwa na asili yake China. Vilikutwa, miongoni mwa mahali pengine, katika vioo vya kuonyeshea habari mbele ya marubani wa ndege za mizigo za C-130J. Njia ya kuvitengeneza ni ya kijanja kwa jinsi ilivyo ya kimaskini: kompyuta na televisheni zilizotupwa hukusanywa, kadi zake zikachomwa hadi lehemu ikayeyuka, chipu zikadondoshwa, zikaoshwa, hata kwa maji ya mto, zikaanikwa kando ya njia, migongo yake ikakwanguliwa hadi alama ya zamani ikatoka, ikapakwa rangi nyeusi na kupigwa alama mpya yenye namba na tarehe anayoitaka mnunuzi. Kwa macho ni mpya, tena inang'aa kuliko ya halali.

Mkaguzi stadi huichukua moja moja, akausugua mgongo wake kwa pamba iliyoloweshwa asetoni, na rangi ikichubuka, alama ya kwanza huchungulia. Huzitazama pini kwa darubini akitafuta mikwaruzo na mabaki ya lehemu ya kale. Huipiga eksirei ili aone kama silikoni iliyo ndani ni ya ukubwa unaostahili, au kama imo. Iliyo mbovu kabisa si ya kuogopwa sana, kwa kuwa itajifichua siku ya kwanza. Ya kuogopwa ni ile inayofanya kazi vyema juu ya meza ya fundi, katika ubaridi wa kiyoyozi, kisha ikagoma mahali ambapo nyuzi za baridi zimeshuka hamsini chini ya sufuri.

Hata sheria njema zimewahi kuzidisha taabu. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vyombo vingi vya umeme, kwa ajili ya afya za watu na ardhi. Ndege na silaha hazikuhusika, lakini viwanda havikuona haja ya kutengeneza chipu kwa namna mbili, basi pini zilizokuwa zikipakwa mchanganyiko wa bati na risasi zikaanza kupakwa bati tupu. Na bati tupu lina tabia ya ajabu, kwamba huota lenyewe vinyweleo vyembamba mno vya chuma, ambavyo vyaweza kuvuka kutoka pini moja hadi nyingine na kuunganisha yasiyopaswa kuunganishwa. Hata kabla ya marufuku hiyo, vinyweleo hivyo ndivyo vilivyolaumiwa Mei 1998 satelaiti ya Galaxy IV ilipopotea, na vijisimu vya kuitia watu, vilivyokuwa mifukoni mwa madaktari na wafanyabiashara wa Marekani, vikanyamaza kwa mamilioni.

Kwa bahati yapo makimbilio mengine mbali na walanguzi. Makampuni kama Rochester Electronics ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1981, hununua kwa idhini akiba iliyobaki viwandani pamoja na silikoni ambazo hazijakatwa, na mara nyingine hupewa haki ya kuitengeneza upya chipu iliyokomeshwa. Zipo pia chipu za kuandikwa upya, ambazo fundi huzipangia tabia anayoitaka, zikajifanya kuwa chipu ya kale hata kadi isitambue. Na pale ambapo hapana budi, kadi nzima hubuniwa upya. Kompyuta tano zilizokuwa ndani ya Space Shuttle yenyewe ziliokolewa kwa njia hii: zile za kwanza, zenye kumbukumbu ya vipete vya sumaku, zilipishwa kuanzia mwaka 1991 na aina mpya yenye uzito wa nusu hivi na kumbukumbu zaidi ya mara mbili, iliyoweza kuendesha programu zilezile. Lakini kubuni upya si kazi ya wiki mbili. Katika ndege ya abiria, badiliko la kadi moja huhitaji kuthibitishwa mbele ya mamlaka kwamba halidhuru chochote kingine, na gharama ya makaratasi na majaribio huweza kuizidi bei ya kadi mara nyingi mno. Ndiyo sababu zipo ndege za Boeing 747-400 zilizoendelea kuingiziwa ramani zao za angani kwa disketi ndogo za inchi tatu na nusu hata baada ya Sony kuacha kuuza disketi hizo nchini Japani mwezi wa Machi 2011.

Hayo yote ni ya vitu vinavyoshikika. Kwa maoni yangu, hata hivyo, msiba mkubwa zaidi katika mlango huu si wa kukosa kipuri bali wa kukosa maarifa yake, na hakuna kisa kinachoudhihirisha kuliko kile cha Fogbank.

Fogbank ni jina la fumbo la kitu kinachotumika ndani ya W76, bomu la nyuklia linalobebwa na makombora ya nyambizi za Marekani. Kitu hicho kilitengenezwa Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, hadi miaka ya 1980, kisha kazi ikaisha, jengo likafungwa na mitambo ikavunjwa. Ulipofika wakati wa kuyakarabati mabomu hayo ili yakae miaka mingine thelathini, wakubwa waligundua kwamba kumbukumbu zilizoandikwa zilikuwa chache, na waliokijua kitu hicho kwa mikono yao karibu wote walikwisha staafu au kuondoka. Likajengwa jengo jipya kwa gharama kubwa, kazi ikaanza upya kwa kufuata hati zilizokuwapo, na kilichotoka hakikuwa kile kilichokusudiwa. Miaka ikapita na makumi ya mamilioni ya dola yakaenda, hata taasisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ikaliandika jambo hilo katika ripoti yake ya Machi 2009.

Kisha wanasayansi wakaigundua sababu, nayo yastahili kusimuliwa taratibu. Kemikali mojawapo iliyoingia katika utengenezaji wa zamani ilikuwa na taka ndani yake. Wazee wa kazi hawakulijua hilo, wala hati zao hazikulitaja, kwa kuwa vyombo vyao havikuwa na uwezo wa kuisafisha zaidi ya hapo. Mitambo mipya, kwa ubora wake, iliisafisha kemikali hiyo ikawa safi kwelikweli. Na bila taka ile kitu kilichotakiwa hakitokei. Ikawabidi mafundi wa karne hii watie uchafu kwa makusudi, kwa kipimo, mahali ambapo wazazi wao waliutia bila kujua. Mtu aweza kuhifadhi michoro yote ya mtambo katika kabati la chuma, akaitia kufuli na kuiwekea mlinzi, na bado asiwe nalo lile moja lililoufanya uwe hai, kwa sababu halikuwahi kuwa kichwani mwa yeyote.

Watu, basi, nao huadimika kama vipuri. Mwaka 2013 lilitangazwa hitaji la waandishi wa programu wa kompyuta za PDP-11, aina iliyotolewa kwanza mwaka 1970 na kampuni ya Digital ambayo yenyewe haipo tena, kwa ajili ya vituo vya nyuklia vya Kanada vilivyokusudia kuendelea nazo hadi mwaka 2050. Kijana anayeingia katika kazi hiyo leo hujifunza lugha ambayo walimu wake wanazidi kupungua.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki, ambazo hununua mitambo mikubwa zaidi kuliko zinavyoiunda, mashaka haya hutukuta tukiwa upande wa mbali zaidi. Barua ya kukomeshwa kwa chipu humwendea aliyeinunua chipu, yaani muunda kadi. Muunda kadi humwarifu muunda mtambo, kama wangali na mkataba. Na muunda mtambo humwarifu wakala wake wa hapa, ambaye huenda alikwisha hamia biashara ya saruji. Hospitali yenye mashine ya eksirei iliyofunikwa shuka jeupe mara nyingi ndiyo ya mwisho kusikia kwamba kadi moja ya mashine hiyo iliacha kutengenezwa miaka sita iliyopita. Zabuni zetu huuliza bei, huuliza dhamana ya miaka miwili, huuliza tarehe ya kufika bandarini. Ni nadra kuona zabuni inayomtaka muuzaji alete orodha ya vipuri vyote vya ndani pamoja na umri wa kila kimoja sokoni, aahidi kuipeleka kila barua ya ukomo kwa mnunuzi mwenyewe, na aweke michoro yake kwa mtu wa tatu itakayofunguliwa akifilisika. Upo hata mwongozo wa kimataifa wa mambo haya, IEC 62402, uliotolewa kwanza mwaka 2007 na kurekebishwa mwaka 2019, nao haumkatazi mtu wa Kigoma wala wa Kisumu kuutumia. Siku ya kutia sahihi ndiyo siku pekee ambayo mnunuzi ana sauti. Baada ya hapo muuzaji humsikiliza kwa hisani tu.

Mataifa makubwa nayo hayajamaliza masomo yao. Ndege ya kivita ya B-52 iliruka kwanza mwaka 1952, na ya mwisho ikatoka kiwandani mwaka 1962. Zimebaki 76, na jeshi la anga la Marekani lakusudia kuzirusha hadi miaka ya 2050. Kila moja ina injini nane za aina ya TF33, zilizoacha kutengenezwa zamani, na Septemba 2021 Rolls-Royce ilipewa kandarasi ya kuleta injini mpya za F130, ndugu wa zile zinazosukuma ndege binafsi za Gulfstream G650. Injini mpya zitakunywa mafuta kidogo na kudumu zaidi bila kufunguliwa. Lakini TF33 iliongozwa kwa springi, vali na vyuma, vitu ambavyo karakana hodari yaweza kuvikarabati, ilhali F130 huongozwa na kompyuta yake yenyewe, na kompyuta hiyo ina chipu, na chipu hizo zina viwanda vyenye wateja wengine. Na yamkini barua ya kwanza ya ukomo ikafika kabla ndege ya mwisho haijamaliza kufungwa injini zake nane.